Mstari Juu ya Kilomita Mia na Kumi na Mbili

Katika kampuni moja ya mpunga iliyokuwa na maghala yake jirani na bandari ya Stanleyville, hapakuwa na mtu aliyezijua barabara kama Abdulhamid bin Hemedi, ingawa maisha yake yote hakuwahi kushika usukani wa gari. Kazi yake ilikuwa ya mezani. Kila msimu wa mavuno yeye ndiye aliyepanga lori lipi liende soko lipi la mpunga, na siku gani. Madereva walimjia asubuhi na vikombe vya chai mkononi, wakamuuliza, "Papa Hamidi, leo mi naenda wapi?" naye akawajibu bila kufungua daftari. Alijua kivuko kipi husimama mto ukijaa, kilima kipi hulishinda lori lenye magunia mia, na daraja lipi la magogo halivumilii dereva mwenye haraka.

Kichwa hicho cha hesabu alikirithi kwa baba yake. Mzee Hemedi alikuwa mtu wa kijiji kimoja cha Waislamu kwenye barabara ya Ituri, kijiji ambacho watu walizoea kukiita kwa jiwe lililosimama mbele yake: Kilomita Mia na Kumi na Mbili. Alikuwa akiitwa mbali na karibu kugawa mirathi, thumni ya mjane, mafungu ya wana wa kiume na wa kike, na alimfundisha mwanawe kugawa kwa punje za mahindi juu ya mkeka kabla mtoto hajajua kuandika jina lake. Mama alikuwa ameshafariki. Aliyemlea Abdulhamid ni dada yake Nyota, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu siku mama alipozikwa. Ndiye aliyembeba mgongoni akienda shamba, ndiye aliyemtwangia na kumpikia, na ndiye aliyemng'ang'ania baba mpaka akakubali mtoto aende shule ya mapadri, jambo ambalo katika kijiji kile lilisemwa miezi mingi. Hata alipokuwa na mvi za kwanza na meza yake mwenyewe mjini, Abdulhamid hakulitamka jina la dada yake bila kulitangulizia neno la heshima kwa dada mkubwa: Yaya Nyota.

Mwezi wa nne wa mwaka 1956 habari zilienea kwamba profesa wa chuo kikuu amefika kutoka Ubelgiji na atatoa mihadhara mitatu mjini juu ya hesabu mpya, hesabu ya kuchagua mpangilio ulio bora kati ya mipangilio isiyohesabika. Waliokaribishwa walikuwa Wazungu: wakuu wa makampuni, wahandisi wa barabara, walimu wawili watatu. Abdulhamid alikwenda kwa sababu mkurugenzi wake alitaka ramani kubwa ya kampuni ipelekwe ukumbini na mtu wa kuitundika. Mkurugenzi huyo wafanyakazi walimwita Bwana Saa, maana hakuweza kusema sentensi mbili bila kuitoa saa mfukoni. Profesa naye hakuchukua hata siku moja kupewa jina. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti lake lilikuwa jeupe begani kwa vumbi la ubao. Wakamwita Bwana Chaki.

Abdulhamid alitundika ramani, kisha akarudi nyuma na kusimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia atoke, hakuna aliyemwambia akae.

Bwana Chaki alianza taratibu. Tuseme kuna malori tisa na masoko tisa, alisema. Kila lori liende soko moja. Ni njia ngapi za kuyapanga? Akazidisha ubaoni, tisa kwa nane kwa saba, mpaka ikafika zaidi ya laki tatu na nusu. Watu wakaguna. Mtu akizijaribu zote moja moja, alisema profesa, mavuno yataoza yeye bado anahesabu. Jambo hili Abdulhamid alikuwa amelala nalo na kuamka nalo miaka saba, akidhani ni ugonjwa wake peke yake.

"Wengine," profesa akaendelea, "hufanya hivi: hupanga vyovyote, kisha hutazama malori mawili mawili. Kama kubadilishana kunapunguza safari, wanabadilisha. Hurudia hivyo mpaka hakuna jozi inayoweza kuboreshwa tena. Je, hapo mtu amefika kwenye mpangilio bora?"

Mhandisi mmoja akasema bila shaka, kama hakuna jozi yenye faida basi kazi imekwisha.

"Hapana."

Ilikuwa sauti kutoka mlangoni. Vichwa viligeuka. Abdulhamid mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake, lakini neno lilikuwa limeshamtoka, na profesa alikuwa akimwangalia na chaki hewani.

"Kwa nini hapana, Musyu?"

Musyu, yaani Bwana! Katika miaka kumi na minane ya kufanya kazi na Wazungu, alikuwa Abdul, alikuwa wewe, alikuwa "njoo hapa".

"Kwa sababu inatokea malori matatu yakatakiana nafasi," alisema kwa Kifaransa chake cha shule. "La kwanza linataka nafasi ya la pili, la pili linataka ya la tatu, la tatu linataka ya la kwanza. Ukichukua mawili ukabadilisha, unapata hasara. Lazima yazunguke yote matatu kwa pamoja. Mwaka wa hamsini na mbili yalikuwa manne."

Bwana Chaki aliweka chaki chini. Akashuka jukwaani, akapita katikati ya viti, akamshika Abdulhamid mkono mbele ya watu wote. "Leteni kiti," alisema.

Tangu siku ile kila kitu kilikwenda kasi. Profesa alitaka mfano wa kweli kwa mhadhara wake wa tatu, mfano wa mji huu huu, na Bwana Saa, aliyenusa faida, akatoa mpunga wa kampuni uwe mfano huo. Kwa siku tisa Abdulhamid na profesa walifanya kazi meza moja. Asubuhi waliandika umbali wa barabara zote, mchana walipunguza na kujumlisha. Bwana Chaki alimfundisha njia ya kutoa namba ndogo kuliko zote katika kila mstari wa jedwali mpaka sufuri zijitokeze na kuonyesha mpangilio zenyewe. Ilikuwa safi, fupi, nzuri kama sala. Abdulhamid alirudi nyumbani kwake mtaa wa Mangobo akiwa na chaki mikononi, akala bila kujua anakula nini.

"Papa Hawa, chakula iko na chumvi?" mkewe Aziza alimuuliza siku moja, akimwita kwa jina la binti yao.

"Iko muzuri."

"Sikutia chumvi. Nilikuwa napima."

Akacheka, naye akacheka. Alikuwa na furaha ambayo hakupata kuwa nayo tangu ujana wake.

Siku ya saba profesa aliligeuza swali. Tusiulize tu lori lipi liende wapi, alisema. Tuulize pia, masoko yote haya ishirini na saba yanahitajika kweli? Serikali ilimlazimisha kila mkulima kulima shamba la mpunga la kipimo maalumu, na asiyeuleta mpunga wake sokoni siku iliyotajwa alikuwa na kesi ya kujibu. Kwa hiyo, soko likifungwa, watu watakwenda soko la jirani, watake wasitake. Swali lilikuwa moja tu: waachwe watembee mpaka umbali gani?

"Ishirini," alisema Bwana Saa, akitazama saa. "Kilomita ishirini. Hawa wamezaliwa wanatembea."

Profesa alisita. Akamgeukia Abdulhamid. "Musyu, wewe unawajua watu hawa. Ishirini inafaa?"

Baadaye alikuja kulikumbuka lile dirisha lililokuwa wazi, kalamu mkononi mwake, na jinsi mkurugenzi alivyokuwa akimwangalia. Hakuna aliyemtishia. Hakuna aliyemlazimisha. Aliulizwa kwa adabu, mbele ya jedwali lililokaribia kukamilika, na kadiri ile namba ilivyokuwa kubwa ndivyo jibu lilivyokuwa zuri zaidi. Aliiona ishirini kama namba. Hakumwona mtu chini yake.

"Inafaa," alisema.

Ikatokea masoko kumi na sita yanatosha, na malori sita badala ya tisa. Profesa alimpa yeye kalamu nyekundu afute masoko kumi na moja kwenye ramani. Alifuta kumi bila kupumzika. La kumi na moja lilikuwa Kilomita Mia na Kumi na Mbili. Soko la jirani lilikuwa Kilomita Mia na Thelathini na Moja, upande wa pili wa mto mdogo. Tofauti kilomita kumi na tisa, ndani ya kanuni. Mkono wake ulisimama kidogo. Akajiambia kwamba akiliacha hilo moja kwa sababu ni kwao, basi hesabu nzima itakuwa ya uongo, na mtu wa elimu hafanyi hivyo. Akapiga mstari.

Mhadhara wa tatu ulijaa mpaka watu wakasimama. Abdulhamid alikuwa jukwaani, amevaa koti la kuazima, akiandika namba ubaoni profesa akizieleza. Mwishoni walipigiwa makofi, na baadhi ya makofi yale yalikuwa yake.

Wiki mbili baadaye madereva watatu waliachishwa kazi. Mmoja wao alikuwa Zuberi, kaka yake Aziza, mtu mnene mcheshi aliyekuwa na watoto sita. Zuberi hakupiga kelele. Alikuja mpaka mezani kwa Abdulhamid, akaweka funguo za lori juu ya karatasi zake.

"Shemeji," alisema, "mi nilidhani unapanga njia. Kumbe unapanga batu, watu kama mi."

Aziza hakumsemesha mumewe siku nne.

Mavuno yalianza mwezi wa nane. Karatasi zilizorudi ofisini zilikuwa nzuri: malori yalikuwa yakiokoa kilomita elfu moja mia moja na arobaini kwa kila duru ya masoko. Bwana Saa alimwita ofisini mwake na kumkaribisha kuketi, kitu ambacho hakikuwa kimetokea kabla. Abdulhamid aliandika barua kwa profesa, naye profesa akamjibu kwa mkono wake.

Katikati ya mwezi wa kumi Zuberi alifika nyumbani Mangobo. Alikuwa amepata kazi ya utingo katika gari la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda barabara ya Ituri, na nguo zake zilikuwa na matope mpaka magotini. Aziza alimletea maji, hakuyanywa. Alibaki amesimama.

"Shemeji, kaa kwanza."

"Sema tu."

"Kaa, nimekuambia."

Abdulhamid akakaa.

"Yaya Nyota amekufa. Walimuzika juzi. Mi nilipita pale jana, nikakuta matanga."

Aziza akapiga yowe. Abdulhamid aliuliza tu, kwa sauti ndogo, amekufa na nini.

Zuberi alieleza. Siku ya soko wanawake wa Kilomita Mia na Kumi na Mbili waliondoka kabla ya jua, kila mmoja na kitunga cha mpunga kichwani, wanaume na magunia. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na ule mto mdogo ulikuwa umepanda. Walipoteza saa nyingi kuvuka, wakipitisha mizigo mkono kwa mkono. Walipofika Mia na Thelathini na Moja, lori lilikuwa limeshaondoka.

"Chauffeur, dereva yule, aliwaachia neno," Zuberi alisema. "Alisema karatasi inamupa saa mbili kila soko. Saa mbili ziliisha. Bon, batu wangefanya nini? Wakirudi na mpunga, watarudia tena safari ileile. Wakasikia kamiyo, lori lile, itapita tena siku ya pili ikitoka juu. Wakalala palepale, na mvua juu yao. Nyumba hakuna, ni kipaa cha soko tu, hakina ukuta. Yaya Nyota alivua kitenge chake akafunika mpunga, sababu mpunga ukilowa hawaununui. Asubuhi alianza kutetemeka. Kamiyo ilipita imejaa, haikusimama. Alirudi kwa miguu na homa na kitunga kichwani. Siku nane, kifua kikamumaliza."

Kisha Zuberi akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua: "Ile saa mbili, nani aliiandika?"

Abdulhamid aliinama. Aliiandika yeye, katika ratiba mpya ya malori.

Alichukua ruhusa ya siku tano za msiba. Alipofika kijijini alimkuta Jafari, mume wa Nyota, ameketi mbele ya nyumba na wazee, akapeana naye mikono, akasoma naye Fatiha, akalia naye. Hakuna mtu pale aliyejua lolote juu ya ramani na kalamu nyekundu. Walilaumu Wazungu, walilaumu mvua. Abdulhamid aliwasikiliza.

Lakini siku ya nne ilikuwa siku ya soko, na watu walipojitwika, alimwomba mpwa mmoja wa Jafari ampe gunia lake. Wakadhani ni huzuni inamfanya hivyo, wakampa. Kilo thelathini. Alikuwa mtu wa meza, na viatu vyake vilikuwa vya mjini. Kilomita ya tano shingo ilianza kuwaka. Kilomita ya tisa alivua viatu. Mtoni maji yalimfika kifuani na mwanamke mmoja mjamzito, aliyekuwa na kitunga kikubwa kuliko gunia la Abdulhamid, alimshika mkono kumvusha. Alikuwa akihesabu hatua tangu walipotoka. Mbele ya kilima cha mwisho hesabu ilimpotea, na haikuwahi kumpotea tangu azaliwe. Walitumia saa sita na nusu kwenda. Lori lilikuwepo. Dereva alipomwona mwandishi wa ofisini ametapakaa matope, gunia kichwani, aliondoa kofia.

Aliporudi mjini alianza kutengeneza jedwali jingine. Mchana alifanya kazi ya kampuni, na saa za kula alikaa na karatasi zake. Alitafuta idadi ya wakulima wa kila soko lililofutwa. Ilikuwa kwenye vitabu vya kampuni, maana kila muuzaji aliandikwa. Wastani watu mia moja na arobaini. Umbali ulioongezeka, wastani kilomita kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi. Masoko kumi na moja. Alizidisha mara tatu kwa njia tofauti, akiomba awe amekosea. Kilomita elfu arobaini na tatu, mia moja na ishirini. Kila duru ya masoko. Katika kitabu cha jiografia cha binti yake Hawa iliandikwa kwamba mzingo wa dunia ni kilomita elfu arobaini. Ili malori yapumzike kilomita elfu moja na kidogo, watu wa barabara zile walikuwa wakiizunguka dunia nzima kwa miguu, nusu ya njia na mzigo kichwani, na bado wanaongeza.

Alimpelekea Bwana Saa karatasi ile. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama.

"Miguu ya nani hii?"

"Ya wakulima, Bwana Direkta."

"Je, sisi tunainunulia petroli?"

Akamrudishia.

Alimwandikia profesa pia. Barua hiyo haikujibiwa, lakini mwezi wa sita wa mwaka 1957 Bwana Chaki mwenyewe alirudi, safari hii na wenzake wawili wa chuo kikuu, kutoa mhadhara juu ya matokeo. Abdulhamid alitengewa kiti mstari wa mbele. Alikuwa sehemu ya maonyesho. Profesa alionekana amechoka zaidi, macho yakamkwepa walipopeana mikono. Alieleza jedwali la zamani, jedwali jipya, na ile tofauti ya elfu moja mia moja na arobaini. Wageni waliandika. Kisha akauliza kama kuna maswali, na Abdulhamid akasimama.

"Si swali," alisema. Aliikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, hakuihitaji. "Mwaka jana katika kazi hii niliulizwa kama mtu anaweza kutembea kilomita ishirini na mpunga. Nikasema inafaa. Nilikuwa sijatembea. Sasa nimetembea. Haifai. Jedwali hili lina safu ya malori na safu ya masoko, halina safu ya watu. Nimeihesabu hiyo safu." Akaitaja ile namba, taratibu, ili wageni waweze kuiandika. "Dada yangu alikuwa ndani yake. Amekufa. Naomba hesabu ifanywe upya."

Kalamu za wageni zilisimama. Bwana Saa aliinuka, uso mwekundu, akasema, "Abdul, kaa chini," na Abdulhamid akabaki amesimama. Wote wakamtazama profesa.

Bwana Chaki alifuta vidole vyake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Namba ya Musyu Abdulhamid sina sababu ya kuikataa," alisema mwishowe. "Lakini tatizo tulilopewa lilikuwa la malori. Tatizo hilo limetatuliwa sawasawa. Hili lingine... hili ni tatizo lingine." Akamtazama kama mtu anayengoja mwenzake amsaidie sentensi, kisha akageukia ubao na kuendelea.

Profesa alimfuata nje baadaye, jua kali, watu wakitawanyika. "Ulisema kweli," alimwambia. "Lakini hukupaswa kusema pale."

"Ningesema wapi, Bwana Profesa?"

Profesa alimshika mkono kama siku ile ya kwanza, akaenda zake.

Kesho yake Abdulhamid alikuta mtu mwingine mezani pake. Wiki hiyohiyo aliitwa na mtawala wa wilaya, akaulizwa kwa nini anachochea wakulima wasilete mpunga. Alisema hajachochea mtu. Aliandikiwa karatasi inayomkataza kwenda barabara ya Ituri bila ruhusa, akaondolewa katika orodha ya wale waliokuwa wanafikiriwa kupewa kadi ya heshima ya raia, waliyoipata Waafrika wachache tu. Hakuna kampuni iliyomtaka tena kama mwandishi. Akaishia bandarini, akipakua magunia kwenye matishali na vijana waliomwita Papa, na mgongo wake haukuwa wa kazi ile. Aziza alianza kuuza mikate ya mchele mlangoni. Zuberi, ambaye hakuwa amemsamehe, alipita siku moja na kuacha fungu la samaki wakavu bila kuingia ndani.

Mwezi wa pili wa 1958 Jafari alikuja mjini. Alikuwa amepanda gari tangu alfajiri na kuku wawili na kikapu cha mchele uliopepetwa vizuri, akaviweka mbele ya Abdulhamid kwa mikono miwili.

"Shemeji, batu wa kijiji wamenituma," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya mazoezi ya hotuba njiani. "Tumesikia habari. Tumesikia ulisimama mbele ya Wazungu ukatusemea, wakakufukuza kazi juu yetu. Soko hawajafungua, lakini haizuru. Tumesema, kumbe tuko na mutoto wetu kule. Yaya yako angekuwa hai angefurahi."

Aziza alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama mumewe, na kwa macho yake alikuwa akimwomba anyamaze. Ingekuwa rahisi. Mtu amekuja kushukuru. Mtu hupokea, husema asante, watu hula pamoja.

"Jafari," alisema Abdulhamid, "lile soko ni mimi niliyelifuta."

Jafari alitabasamu kidogo, kama asiyesikia vizuri. "Wazungu walilifuta."

"Wazungu waliuliza kama inafaa. Mimi nilisema inafaa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Na ile saa mbili ambayo lori liliwangojea, ni mimi niliyeiandika."

Kuku mmoja alijipigapiga mabawa na kamba miguuni.

"Ulikuwa unajua tunakaa pale?"

"Nilijua."

"Ulijua Nyota iko pale?"

"Nilijua."

"Alors, basi kwa nini?"

Abdulhamid alitafuta jibu lililo la kweli, akaona lililopo ni moja tu, na ni dogo mno. "Waliniita Musyu," alisema.

Jafari aliinuka. Hakumtukana. Alitazama kile kikapu cha mchele kwa muda, kama anayefikiri akichukue au akiache. Ulikuwa mchele wa watu wengi, uliochangwa nyumba kwa nyumba. Mwishowe alikiacha, akachukua kofia yake, akamuaga Aziza kwa jina, akatoka. Hakumuaga Abdulhamid. Wala hakurudi tena, na alipooa mke mwingine mwaka uliofuata, habari zilifika Mangobo kwa midomo ya wapita njia.

Mchele ule Aziza aliupika kidogo kidogo. Abdulhamid alikataa kuugusa siku mbili, siku ya tatu akaula, kwa kuwa bandarini kazi ilikuwa nzito na hapakuwa na kitu kingine nyumbani.

Kilomita Mia na Kumi na Mbili haikupata soko lake. Mwaka 1959 kampuni ilifuta masoko mengine mawili, na safari hiyo hesabu ilifanywa na kijana aliyetoka kusomeshwa, ambaye hakuwahi kusikia jina la Abdulhamid.